Bia ya Gome la Olkiloriti

Jumamosi, 7 Juni 2025
Hili sijamwambia mtu: nataka kutengeneza bia. Mimi, Waithera, mtoto wa mwenyekiti wa kina mama kanisani! Si ya kulewa — nilisoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba huko nchi za baridi huchemsha gome la mti uitwao betula, wakatia sukari na hamira, ikawa kama soda. Kitengela hakuna betula. Kuna miiba na vumbi la machimbo ya mawe.

Jumapili, 8 Juni
Nimemwuliza Lemein, tunasoma naye kidato cha tatu. Akacheka sana. Kwao Umaasaini wakichinja, gome la mti wa miiba uitwao olkiloriti lazima lichemshwe, litiwe kwenye supu. "Profesa, umesoma kitabu kizima kutafuta kitu kiko nyuma ya boma yetu?"
Tukaenda kwao. Bibi yake akatuonyesha: unabandua upande mmoja tu. Ukizunguka shina lote, mti unakufa. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikatazama viatu. Lemein akajibu badala yangu — kama kawaida.

Jumatatu, 9 Juni
Nimechemsha mpaka maji yakawa mekundu. Nimechuja, sukari ndani, halafu kungoja yapoe mpaka kidole kivumilie, maana joto huua hamira. Hamira kidogo tu. Chupa za soda za plastiki, kwa sababu za glasi hupasuka. Mama akauliza ni nini kinanuka. Project ya shule, nikasema.

Jumatano, 11 Juni
Chupa zimejaa gesi, ngumu kama mawe! Nimezitia kwenye friji ili hamira ilale. Nimeonja kifuniko kimoja. Uchungu kidogo, utamu, halafu inawasha ulimi — tamu ajabu.
Lakini ina kileo? Kitabu kinasema kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Mwaka jana mama mmoja alinyang'anywa kitambaa cha kichwa cha kina mama wa kanisa kwa kunywa pombe ya muratina kwenye ruracio, sherehe ya mahari. Aliyemnyang'anya ni Mama.

Alhamisi, 12 Juni
Nimetoka shule nikakuta sebule imejaa kina mama wa kanisa na vitambaa vyao. Maombi yamekwisha, vicheko, na kila mkono una glasi nyekundu. Mama alidhani ni juisi!
Mama Kiama, mmoja wao, alikuwa anaongezwa. Alisema soda za dukani haziifikii hii kwa utamu, na tumbo lililomsumbua tangu Jumapili limetulia. Anaitaka kwa harusi ya binti yake. Mama akanivuta mbele yao, akasema fundi ndiye huyu.
"Uliweka nini, mami?" Mama Kiama akaniuliza.
Wote wakanigeukia. Mama alikuwa anatabasamu, kitambaa chake kimepigwa pasi. Ningeweza kusema gome na sukari, niishie hapo.
"Gome la olkiloriti, sukari," nikasema. "Na hamira."
Mama Kiama akaweka glasi mezani, lakini hakuiachilia.
"Hamira?" Mama akauliza, polepole.
Nikaweka begi chini. Nikaenda jikoni, nikatoa chupa iliyobaki, nikarudi nikasimama katikati ya sebule, nikaanza kueleza kuanzia kwa mti.