Mbolea ya Korongoni

Mikelenge, Kindu

Mdogo wangu mpenzi Germaine,

Barua hii ikukute mzima huko Tunda, wewe na wajukuu, na mihogo yenu iwe imepona mvua. Mimi miguu imevimba, na sista wa zahanati siku hizi ananijibu kwa upole mno, ndipo najua.

Umeuliza mbona nimenyamaza. Mji uliniita. Walitaka kuamua takataka za Kindu zichomwe, zizikwe mbali ng'ambo ya mto, au lile jaa la zamani la korongoni lichimbwe na kuchekechwa, liwe mbolea ya wakulima. Waliniita kwa sababu wakati wa vita nilikuwa mkuu wa usafi, na korongo lile nililichagua mimi. Nilipigania kuzika mbali, korongo liachwe. Florentin, msimamizi wa kazi, akasema mzee anaonea takataka zake wivu kama bibi mdogo. Walicheka sana. Mbolea ikashinda.

Germaine, si sisi peke yetu tuliotupa mle. Wenye bunduki walitupa watu, na asubuhi waliniamuru niwafunike kwa takataka za soko. Asubuhi moja nilimkuta mumeo Asumani mle, mguu umevunjika, yu hai. Aliniita shemeji, akaomba maji. Wenye bunduki walikuwa wamekwenda kunywa chai. Njia ilikuwa wazi. Niliogopa wangerudi wamkose, waniweke mimi mahali pake. Nikaamuru watu wa mikokoteni wamwage takataka juu yake. Waliposita, nikamwaga mkokoteni wa kwanza mwenyewe.

Kisha nikakuambia ameonekana akielekea Punia. Kwa neno langu hilo wakwe zako walikukataza matanga, kwamba mtu hai haliliwi. Umekaa mke wa mtu hadi umezeeka, na Désiré aliyekutaka ulimfukuza.

Juma lililopita wachimbaji walifika upande ule alikolala Asumani. Florentin aliniletea mifupa ndani ya beseni, akaniuliza kwa adabu: Papa, weye njo unajua hapa, hii iko ya muntu ao ya nyama? Ningeweza kukurudishia mumeo siku ile. Nikasema ni ya mbuzi, wachinjaji walikuwa wakitupa pale. Wakaiponda, wakaichanganya. Magunia yamekwisha kwenda mashambani, hata huko Kibombo, hadi kwenu Tunda.

Wasomee wakwe zako barua hii, wakuruhusu matanga. Maiti sina ya kukupa.

Wajukuu wasalimie kwa mikono miwili. Nikifa utaletewa habari. Usije.

Kaka yako,
Tambwe