Wito wa Kaka Fidèle

Caraquet, 9 Machi

Dada yangu Odile,

Goti lako limepoa? Sisi huku tupo, theluji imefika madirishani. Kaka Fidèle anakusalimu, ingawa siku hizi salamu anazitoa amelala ubavu, maana kukaa kunamuuma.

Majibu yametoka. Ni saratani ya puru, pale mwisho kabisa wa utumbo mpana. Unakumbuka kile kifuko cha majimaji walichokiona nyuma ya puru alipoanguka kutoka kwenye paa, wakasema kazaliwa nacho, ni nadra, kiachwe? Sasa saratani imekigusa. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole, alisema hathubutu hata kukichoma sindano akipime, asije akaisambaza saratani kwenye nyonga nzima. Wataanza na mionzi na dawa, kisha atakata vyote kwa pamoja. Kaka atajisaidia kwenye mfuko tumboni maisha yake yote, kama maisha yatakuwepo. Fidèle akamwuliza kama mfuko huo unavumilia mahubiri ya padri wetu. Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje.

Niliporudi daktari alikuwa anaeleza kwamba ingegunduliwa mwaka jana mambo yangekuwa mepesi zaidi. Kaka akawaka: mbona kile kipimo cha choo alichokituma kwa posta walisema ni safi? Daktari akaahidi kulifuatilia faili. Tangu siku hiyo kaka hanipi nafasi: “Waandikie gazetini, bingwa! Wachane hao! Si ndiyo kazi yako?”

Dada, hawakusema ni safi. Unajua barua zote za serikali ananipa mimi bila kuzifungua, kwa kuwa mimi ndiye mgomvi wa familia. Ile ya majibu ya kipimo ilisema choo kina damu, aende akapimwe utumbo kwa kamera. Wiki ileile nilikuwa nimechapisha makala ya kuwashambulia madaktari wanaosaka wagonjwa kati ya watu wenye afya, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa sifa. Nikaamua damu imetoka kwenye kile kifuko. Sikumwuliza mtu. Nikawajibu kwa jina lake kwamba hataki, nikatia saini yake, na yeye nikamwambia yuko safi.

Mionzi inaanza Jumatatu ijayo. Msalimie shemeji, umwombe akuachie uje kabla ya hapo. Nataka kumwambia Fidèle ukiwa umekaa kati yetu. Tukiwa peke yetu nitaanza kujitetea, na unanijua, nitamshinda.

Mdogo wako,
Edmée