Mawe ya Korongo la Kishushe

Kishushe, 9 Novemba 1977

Kwa mdogo wangu Zipporah,

Salamu kutoka nyumbani. Watoto hawajambo? Kifua cha shemeji kimepoa? Mimi nipo, mwili hauna shida.

Najua umesikia watu wakisema nimeharibikiwa akili. Ni hivi: tangu tumzike Wakio na mtoto wake tumboni, sipiti pale korongoni mikono mitupu. Gari lingevuka siku ile, mwanangu angefika hospitali. Basi kila asubuhi nikienda kuteka maji nabeba mawe kwenye karai, nayapanga chini gari lipate pa kuvukia, naenda zangu. Chifu amesema tungoje serikali. Nami nangoja, huku nikipanga.

Dada yako,
Mkamburi

Voi, 2 Desemba 1977

Dada mpendwa,

Barua imetukuta wazima, ila kitinda mimba ana surua. Wewe unakula? Jirani yako Peris alikuja sokoni huku, akaniambia umekonda.

Dada, tafadhali acha. Mvua moja tu itachukua mawe yote. Njoo ukae nasi hapa kwenye nyumba za reli mpaka moyo utulie. Wakio hatarudi.

Mdogo wako,
Zipporah

Kishushe, 30 Aprili 1978

Kwa Zipporah,

Habari za siku nyingi? Nimefurahi mtoto amepona. Huku mvua imezidi.

Ulisema kweli. Mvua imebeba kila kitu. Nilikaa pale ukingoni nikalia. Mara nikamwona Peris anashuka na karai lake. Hakuniambia hata pole. Aliweka jiwe, akapanda kutafuta lingine. Kesho yake wakaja kina mama wengine, na sikuwa nimemwita mtu. Sasa hata Musyimi, yule anayechunga ng'ombe wa ranchi, anatuletea mawe makubwa kwa mkokoteni. Mke wake Nduku ni mjamzito. Ananiambia, "Mama Wakio, fanyeni haraka, mimi nataka kupita hapa." Nilicheka, Zipporah. Sikuwa nimecheka tangu mwaka jana.

Dada yako,
Mkamburi

Voi, 21 Juni 1978

Dada,

Leo sina salamu. Gari lilivuka. Dereva mwenyewe ameniambia lilipita juu ya mawe yenu vizuri kabisa. Lakini Nduku alikuwa ameshapoteza damu nyingi kabla hawajaondoka huko. Alifika hospitali akiwa hai. Nilimshika mkono, akaniuliza, "Wewe ndiye mdogo wa Mama Wakio?" Hilo ndilo neno lake la mwisho. Mtoto naye hakulia. Musyimi amekaa chini nje, hataki kula wala kuongea, ndiyo maana nakuandikia mimi.

Usijilaumu, dada yangu.

Mdogo wako,
Zipporah

Kishushe, 29 Juni 1978

Kwa mdogo wangu,

Tumewazika. Barua yako ilitangulia maiti. Niliisoma pale pale korongoni, kina mama wamenizunguka wakitabasamu, wakidhani ni habari ya mtoto. Nilipomaliza niliwaambia. Tuliacha makarai hapo tukaenda makwetu.

Nilidhani ni barabara iliyomuua Wakio. Sasa sijui ni nini.

Jana jioni Peris alisimama mlangoni. "Mama Wakio, kesho twende korongoni?" Asubuhi hii sikwenda hata kuteka maji. Nilijifunika blanketi, nikasikia huko korongoni jiwe linagonga jiwe. Sijui ni nani. Sikutoka kuangalia.

Dada yako,
Mkamburi