Hema Nimeondoka Nalo

Baba Majidi,

Maharage yako kwenye sufuria ndogo, yapashe kabla hayajachacha. Kuku wafungie mapema.

Mimi na Majidi tumekwenda Igalula kwa mama. Asubuhi, ulipotoka tu, alikuja Tekla wa ofisini kwenu kurudisha hotpoti yangu, ile uliyoniambia mmeisahau msituni mlikopiga kambi. Hakuileta tupu, kaijaza uyoga. Ana adabu, siwezi kumsema. Lakini kuniita wifi? Dada zako nawajua wote, na huyo hayumo.

Akasifu michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Kumbe ile niliyokufungia uliichemsha mwenyewe, ukaitia karanga, ukawapakulia watu! Na alfajiri ukawasha kuni, ukampelekea Tekla chai ya tangawizi mpaka mlangoni pa hema lake. Wewe! Baba Majidi wa kuuliza chumvi iko wapi! Nilipojifungua, hata uji nililetewa na jirani.

Uyoga sikuugusa. Upike wewe, si ndiye mpishi?

Hema lako nimelichukua. Nitalipiga uani kwa mama, nilale humo. ~~Usinifuate.~~ Ukinifuata, uje na tangawizi. Kuni zipo, mafiga yapo. Nitakuwa ndani nimejifunika, na sitoki mpaka nisikie chai imefika mlangoni.

Na usije ukaniuliza sukari iko wapi.

Mkeo,
wifi yake Tekla