Ruta Iliyomtii Mtu Mwingine

Jumatatu, 2 Machi

Simu sita kabla ya chakula cha mchana. Nne safi, mbili zimeganda. Nimekaa chumbani kama kawaida, shuka la buluu nyuma yangu, mlango nimeufunga kwa kiti. Daktari anaongea, mimi naashiria kwa lugha ya alama, mgonjwa kiziwi ananiona kwenye skrini ya hospitali. Picha ikiganda, mimi sipo. Wamebaki wawili wanaotazamana.

Mume wangu Wafula alirudi kutoka zamu ya usiku kiwandani, akaoga, akacheza gemu yake ya mpira sebuleni. Anasema bila gemu usingizi haumjii. Tangu Januari tuna ruta ya gemu aliyoinunua mtumba sokoni Kariobangi, ya antena nne na mataa mekundu. Aliniambia itanisaidia na mimi. Sijaona msaada wowote.

Nimenawa mikono. Vidole vinauma.

Jumanne, 3 Machi

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Mama mmoja kiziwi, mtoto wa miezi minane, homa. Jina siandiki hata hapa. Daktari alisema nusu kijiko, mara tatu kwa siku. Niliashiria "kijiko", kisha "nusu". Picha ikaganda. Iliporudi, kiti chao kilikuwa kitupu na muuguzi alikuwa ameshapeleka ile skrini wodi nyingine.

Nilipiga simu hospitali mara nne. Walimpata yule mama kwenye dirisha la dawa. Alikuwa ameona "kijiko" tu, akaelewa kizima. Wakamrekebisha. Mtoto hajapewa kitu, wameniambia hivyo mara mbili kwa sababu niliuliza mara mbili.

Nilitoka chumbani. Wafula alikuwa na pedi ya gemu mkononi. Nikamwambia ameipanga ruta impe yeye mtandao kwanza ili ashinde mechi, na kwamba siku moja mtu atakufa kwa ajili ya mpira wa uongo.

Akasema, "Mwende, mimi sijagusa chochote kwenye hiyo ruta."

"Kwa hivyo imejigusa yenyewe?"

Aliweka pedi chini. Alizima mashine akaenda kulala. Nilitaka ajibu ili niendelee.

Jumatano, 4 Machi

Hatuongei. Asubuhi alitoa mashine ya gemu, akazikunja nyaya, akaitia kwenye katoni na kuipandisha juu ya kabati. Kisha akala mkate wake amesimama.

Saa tatu kamili simu ikaganda.

Nilitazama juu ya kabati. Katoni lilikuwa pale, limefungwa kwa utepe wa gundi. Kupitia ukuta namsikia Wafula anakoroma. Nilimaliza zamu. Sikumwambia.

Alhamisi, 5 Machi

Imeganda tena. Mara tano. Sijamwambia bado. Ni kiburi tu, najua.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekuwa nikiandika saa kwenye karatasi. Mtandao unaharibika saa tatu kamili asubuhi. Saa sita mchana unapona, kana kwamba kuna mtu anayefungua bomba. Siku zote tatu. Hakuna mtu anayecheza humu ndani.

Nilimwamsha Wafula. Nilimwonyesha karatasi. Nikamwambia si wewe. Nilidhani atajigamba, nami ningevumilia. Alikaa kitandani akasoma zile saa, akasema, "Hii ni ratiba. Mtu ameiweka."

Ruta hii huongozwa kwa programu ya simu. Wafula hakuwahi kuiweka, kwa sababu mtandao ulikuwa ukishika tu. Leo tumeiweka. Ikatuandikia kwamba kifaa hiki kina mmiliki, tumwombe ruhusa. Wafula akachukua sindano, akabonyeza kile kitundu cha nyuma cha kuianzisha upya hadi mataa yakazima na kuwaka. Ikaandika vilevile.

Miezi miwili tumelipia mtandao, tumelipia umeme, na sanduku lililo ukutani kwetu linamtii mtu tusiyemjua. Linatujua. Halituambii linajua nini.

Ndipo nikawaza zile simu zangu. Wajawazito. Vipimo vya virusi. Yule binti aliyeomba mama yake atoke nje kwanza.

Nilienda bafuni nikakaa huko.

Jumamosi, 7 Machi

Tulishuka Kariobangi wote wawili na ruta kwenye mfuko wa sukari. Fundi aliyemuuzia Wafula ana meza nje ya duka la vipuri vya redio. Kijana mpole, miwani imeungwa kwa waya.

Akaigeuza. "Madam, hii bado iko na mwenyewe. Ukiizima inalala tu, ikiamka inamkumbuka. Lazima yeye aiachilie."

"Na wewe uliiuza bila kujua?"

"Niliipima inashika mtandao. Hapo ndio niliachia." Alitazama meza. "Hapo nilikosea."

Akafungua daftari kutafuta ni nani alimletea. Huandika namba za wanaomuuzia vitu, polisi wasije wakamsumbua. Alipata jina la Mama Beryl wa mtaa wa Huruma, lakini simu yake haikushika. Akaahidi kuendelea kumtafuta. Akatupa ruta nyingine ya kuazima, ndogo, ya kawaida, hakutaka kitu.

Wafula alisema tuitupe hii mbovu na mambo yaishe. Kuitupa kungemaliza shida ya mtandao. Mimi nataka kujua imeona nini.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani sikuimba. Nilikuwa nikitunga barua kichwani.

Mchana nimemwandikia Madam Atieno, msimamizi wetu. Nimemweleza yote, hata ile dawa ya Jumanne. Ningeweza kunyamaza, sasa tuna ruta ya kuazima na hakuna ambaye angejua. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kutuma.

Alijibu baada ya saa moja. Nisipokee simu yoyote hadi ijulikane ni nani alikuwa na njia ya kuingia kwenye ruta na ameona nini. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Wafula amepika ugali na mboga za kienyeji. Amenipakulia mimi kwanza.

Jumatatu, 9 Machi

Sina kazi. Nimefua mapazia. Fundi amepiga: Mama Beryl amepatikana. Tunaenda kesho.

Jumanne, 10 Machi

Tangu Ijumaa, kabla ya kusikia jina, nilikuwa nimemtengeneza huyo mwenye ruta kichwani. Mwanamume mwembamba kwenye chumba chenye giza, anacheka. Nilimkuta mama wa miaka hamsini na kitu, Huruma, ghorofa ya chini, anapiga brashi viatu vya mitumba. Wafula akamwamkia kwa Kiluhya. Wakagundua wametoka karibu, upande wa Webuye. Mimi sikuwa na hamu ya nyumbani kwa mtu. Nikatoa ruta kwenye mfuko.

Akaitambua. Alikuwa na chumba cha gemu hapohapo, mashine tano, vijana wanakuja asubuhi. Jengo lilipouzwa akafungiwa mlango, akauza kila kitu.

Nikamwambia ruta bado inamtii yeye.

"Mimi?" Aliacha brashi. "Hiyo simu yangu ya zamani hulia lia kila siku. Nilidhani ni matangazo."

Akaitoa kwenye droo, kioo kimepasuka. Alinipa mimi mkononi. "Angalia mwenyewe, mwanangu. Mimi hata miwani sina."

Niliangalia. Orodha ya vifaa vyetu. Simu ya Wafula. Kompyuta ya Mwende, jina langu waziwazi. Saa tulizowasha, saa tulizozima. Kiasi cha mtandao kilichotumiwa na kila kimoja. Kando ya kompyuta yangu imeandikwa "video". Basi. Nilifungua kila ukurasa, nikarudi, nikafungua tena. Hakuna picha. Hakuna sauti. Hakuna jina la mgonjwa wala hospitali. Ilihesabu uzito wa mzigo, haikuufungua.

Nilikaa chini kwenye gunia la viatu.

Na ratiba ilikuwepo. Saa tatu hadi saa sita, sehemu kubwa ya mtandao ishikiliwe kwa ajili ya gemu, hata kama hakuna anayecheza. Aliiweka yeye, kwa sababu binti yake alikuwa akitazama filamu chumba cha nyuma na wateja wanalalamika. Miaka miwili iliyopita. Sheria ya chumba kisichokuwepo, ikiendelea kufanya kazi nyumbani kwetu Njiru.

Nilimweleza habari ya dawa ya mtoto. Alishika kifua. Akasema, "Nilidhani nimeuza ruta. Kumbe niliuza sanduku, funguo nikabaki nazo."

Tukatafuta pamoja pale pa kuiachilia. Palikuwa mbali, chini kabisa, baada ya kurasa ambazo hakuna mtu husoma. Akabonyeza mwenyewe. Orodha ikapotea, simu ikasema hana kifaa chochote.

Nililia. Mama Beryl akanipa chai ya rangi. Wafula alinunua viatu ambavyo havimtoshi.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi nzima na ruta juu ya meza ya kula. Safari hii ilikubali nywila yetu.

Tumesoma kila ukurasa kwa sauti, mimi nasoma, yeye anabonyeza. Ratiba, hakuna. Kushikilia mtandao usiotumika, tumezima. Kulikuwa na ukurasa wa kutuma taarifa za matumizi kwa waliotengeneza ruta. Ulikuwa umewashwa tangu kiwandani, maelezo marefu kama hati ya shamba. Tumezima. Majina ya vifaa tumebadilisha, jina langu halimo tena. Kompyuta ya kazi inatangulia hadi saa saba. Baada ya hapo wote sawa. Tukibadilisha chochote, tunaambiana. Nimepiga picha za kila ukurasa nikamtumia Madam Atieno, pamoja na maelezo ya nilichokiona kwenye simu ya Mama Beryl.

Kisha nikamwambia Wafula nilimkosea. Nikataja maneno yenyewe niliyosema, yale ya mtu kufa. Hayo ndiyo yaliyonikwama.

Aliweka simu mezani. "Ungeniuliza tu kabla hujanihukumu."

"Ndiyo."

"Na mimi ningeisoma hiyo kitu siku nilipoinunua. Niliona mataa nikafurahi."

Alishusha katoni kutoka juu ya kabati. Akacheza mechi mbili, akafungwa zote, akalala palepale kochini mdomo wazi. Nimemfunika.

Alhamisi, 12 Machi

Madam Atieno ameandika. Nirudi Jumatatu. Ile ya dawa imeandikwa kwenye faili kama tukio, na sasa hospitalini lazima muuguzi asubiri mkalimani aseme amemaliza kabla ya kuondoa skrini. Mtoto alipona homa, yuko nyumbani.

Nimesoma sentensi hiyo ya mwisho nikaweka simu chini, nikaichukua, nikaisoma tena.

Tumemrudishia fundi ruta yake. Anasema sasa hanunui hadi mwenye kuuza aachilie mbele yake.

Jumatatu, 16 Machi

Simu nane. Zote safi.

Ya tano ilikuwa ya mzee, fundi wa kuchonga mbao, macho yake yameanza kufifia. Daktari alimweleza habari ya upasuaji, akamuuliza kama anakubali. Nikaashiria swali. Mzee hakusogea. Mikono magotini, ananitazama.

Nikaangalia kifua chake. Kilikuwa kinapanda na kushuka. Nyuma yake pazia lilitikisika kwa upepo.

Hakuwa ameganda. Alikuwa anafikiri. Nikatulia, nikamngoja.