Tutakuombea Kutoka Upande Huu wa Mto

Umetimia mwaka, Kingori, tangu maradhi yakuchukue, na mvua ya masika imerudi kutukuta na hofu.

Ulikuwa mhandisi wa mito, na hukuupita mtaro wowote hivi hivi. Hata siku ya kuleta mahari kwetu Karatina, wazee wako walikungoja barabarani ukichungulia bomba la maji, suti imejaa matope. Mamangu akauliza, "Huyu ni bwana arusi ama ni fundi wa choo?" Tulikutania hivyo miaka yote.

Utafiti wako ulikuwa juu ya mafuriko ya vijito vya mlimani. Ulisema wanaochora madaraja hupima mvua ya mjini, kumbe maji yanatoka juu, ambako mvua ni nyingine kabisa. Hukuyaacha hayo chuoni. Uliwapelekea wahandisi wenzako hesabu rahisi, ukala nao githeri saiti, palepale madaraja yanapojengwa, mpaka wakajua kuzitumia. "Utafiti usiofika kwa fundi ni uji usiofika mdomoni," ulizoea kusema.

Daraja la kijito chetu hapa Gatitu ulilichora wewe. Ulipolazwa, wengine wakalijenga. Walidai mabomba yako ya kupitisha maji chini ya daraja ni makubwa mno kwa kijito ambacho mbuzi anakiruka, wakaweka madogo. Kaburi lako liko ng'ambo ya daraja hilo.

Tunaogopa, Kingori. Wiki nzima mlima haujaonekana kwa mawingu ya mvua, na maji yamekuwa mekundu kwa udongo. Binti yetu Sophie huvuka hapo kwenda shule. Akichelewa kurudi, naacha chakula natoka kumtazamia njiani. Jana mama yako, Nyawira, alichukua mwavuli akasema, "Mimi naenda kwa kaburi. Daraja ya mtoto wangu haiwezi kuniangusha."

Ndugu yako Ngatia akamshika mkono. "Mami, hii si ile ya Kingori. Ingekuwa yake, ningekubeba mgongoni tuvuke."

Mama akaketi, akalia. Sote tulilia.

Ndugu na marafiki mnaosoma haya, ibada ya Jumamosi itakuwa kanisani, si kaburini. Tafadhali, mtu yeyote asivuke kupeleka maua; hata Sophie tumemkataza kuvuka mpaka maji yashuke. Kingori, utatuelewa, maana ni wewe uliyetufundisha kuyaogopa maji.

Unakumbukwa na mkeo Wangechi, binti yako Sophie, mama Nyawira, Ngatia, na Adhis wa kazini kwenu, ambaye bado anabisha hodi ofisi kwa ofisi akiwa na hesabu zako.

Hatutakusahau kamwe. Maji yakishuka, tutavuka tuje tukuone.