Benki Kuu Imeshusha Riba, Nami Nikashusha Malipo

Bi Tuneya mpendwa, naomba unisaidie, na kwanza nakuomba jina langu ulifiche, kwa sababu mimi ni mtu wa kujulikana hapa Garsen, nina duka la dawa za mifugo na wafugaji wananiamini, na hili nililolifanya halijui mtu isipokuwa jirani mmoja, hata mke wangu Jumwa hajui.

Sisi tulikuwa wakulima kule Chara, na yale mafuriko makubwa yalitutoa tukakaa kwenye mahema miezi minne na watoto watatu, na Jumwa akasema akitoka pale hatalala tena ndani ya turubai maisha yake yote, basi nikaenda benki nikachukua mkopo wa nyumba, vyumba vitatu huku juu ambako maji hayafiki, hati ikabaki benki, na kwa kuwa sheria inataka mke akubali, Jumwa naye aliitwa kutia sahihi, lakini kabla hajashika kalamu aliniambia, "Baba Iha, mimi natia, lakini siku kukiwa na neno niambie mimi kwanza, usinifanye nikasikia kwa watu," nami nikamwambia sawa.

Haikupita miezi mingi malipo yakapanda kutoka elfu ishirini na mbili kwa mwezi hadi elfu ishirini na sita, nikauliza kulikoni, karani akanijibu kwamba si wao, ni Benki Kuu imepandisha riba na wao wanafuata tu, na mimi, Bi Tuneya, nilielewa kwamba Benki Kuu ndiyo makao makuu ya benki yangu, wakubwa wakisema huko juu hawa wa huku chini wanatii, kwa hiyo nikalipa bila ugomvi. Baadaye nikasikia redioni kwamba Benki Kuu imeshusha riba, nikafurahi, nikangoja ujumbe wa benki haukuja, mwezi mwingine redio ikasema imeshushwa tena, nikaona hawa wa tawini wanatufanya wajinga, basi nikapunguza mwenyewe, nikatuma elfu ishirini na nne kwa simu, na ujumbe ukarudi kwamba malipo yamepokelewa, asante, nikajua wamekubali. Kila redio iliposema nami nilipunguza, mpaka nikafika elfu kumi na tisa.

Zilikuja jumbe nyingine ndefu za Kiingereza, hizo nilizifuta kwa sababu Jumwa huishika simu yangu. Nilimuuliza pia shemeji yangu Josephine aliyeko Amerika, akaniambia yeye amenunua nyumba na analipa kiasi kile kile miaka thelathini, riba ipande ishuke, nikajiambia basi huko ni kwao, sisi huku tunafuata Benki Kuu.

Sasa nimeletewa notisi ya siku tisini kwamba nisipolipa malimbikizo nyumba itauzwa. Nilikwenda benki nikalia, wakasema wanaweza kuniongezea miaka ili malipo yawe madogo, ila lazima nije na mke atie sahihi upya. Jumwa yuko Chara, anamsaidia mama yake kuvuna mpunga, na jirani yangu Bishara anayeuza chai amekubali kwenda na kitambulisho cha Jumwa alichokiacha nyumbani, maana wanalingana kimo na ile picha haionekani vizuri. Je, nitakuwa nimekosa sana, na hali nia yangu ni kuiokoa nyumba ya Jumwa mwenyewe? Na benki haijanidhulumu? Nimechoka, siku hizi taarifa ya habari ikianza nazima redio.

Nyale, Garsen

BI TUNEYA ANAJIBU

Nyale ndugu yangu, pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu miezi minne ya hema si mchezo, na mtu aliyetoka huko akitaka paa lake simcheki. Lakini mwezi huu nimesoma barua nyingi za watu na benki zao, na nimechoka kuwabembeleza watu wazima, kwa hiyo nivumilie.

Benki Kuu si makao makuu ya benki yako. Ni benki ya nchi, na haijui kama wewe na duka lako mko duniani. Kazi yake moja ni kupanga bei ya jumla ya pesa. Benki yako inauza rejareja. Sasa wewe ni mwenye duka, hebu tuzungumze kiduka. Mfugaji alikukopa dawa ya kupe mwezi wa tatu. Mwezi wa sita dawa hiyo ikashuka bei kiwandani. Je, akija kukulipa pungufu kwa sababu amesikia redioni, utampokea kwa chai? Utamwambia, "Ndugu yangu, ile uliyoichukua mimi niliinunua kwa bei ya zamani." Benki nayo ina pesa za watu ilizozichukua kwa riba ya zamani na lazima iwalipe. Ndiyo maana riba hushuka polepole.

Lakini nawe una neno. Kupanda walipanda haraka na kushuka wakajikokota, na hilo si haki yao kulinyamazia. Una haki ya kuuliza riba yako inapangwaje na kwa nini haijashuka, nao wakujibu kwa maandishi. Hilo ndilo ulilopaswa kufanya ile mara ya kwanza redio iliposema. Kuuliza ni haki yako, kujipunguzia si haki ya mtu yeyote. Na ule ujumbe wa asante hutumwa na mashine. Ungetuma shilingi kumi ungeshukuriwa vile vile.

Shemeji yako naye hakukudanganya, ila mkopo wake ni mwingine. Kule riba ikipanda, hasara inaibeba benki, na Josephine analipia huo utulivu wake ndani ya malipo ya kila mwezi. Kwako hatari ile ile umebebeshwa wewe, na imeandikwa kwenye karatasi uliyotia sahihi bila kuisoma. Hatari haipotei, Nyale. Kuna mtu huwa ameibeba.

Sasa nikuulize. Kama ulikuwa na hakika na hesabu yako, zile jumbe ulizifutia nini? Umesema mwenyewe: Jumwa huishika simu. Ulijua. Labda mara ya kwanza hukujua, lakini ulipofika elfu kumi na tisa ulijua, na hapo si redio iliyokukosesha. Mficha uchi hazai.

Kuhusu Bishara, acha kabisa. Kutia sahihi kwa jina la mtu mwingine ni kughushi, na yule mama wa watu atafungwa pamoja nawe kwa kukuonea huruma. Unasema unaiokoa nyumba ya Jumwa. Huwezi kumwokolea mtu nyumba kwa kumwibia jina. Ile sahihi ndiyo kitu pekee alichonacho katika nyumba hiyo, maana hati iko benki na funguo unazo wewe.

Nenda Chara. Mwambie yote, na umpe ile notisi aishike mkononi. Atakasirika, usijitetee kwa Benki Kuu. Kisha mwende benki pamoja, muulize mkiongeza miaka mtalipa jumla kiasi gani mpaka mwisho, kwa sababu malipo madogo ya mwezi huwa ni deni refu, na Jumwa ana haki ya kulikataa. Akisema afadhali muuze wenyewe kabla benki haijauza, msikilize, maana anayeuza kwa hiari hupata bei. Mikopo ya simu usiiguse. Na kuanzia mwezi huu lipa kiasi kilichoandikwa.

Neno la mwisho. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne, kabla halijachapishwa. Majina yote nimeyabadilisha kama ulivyotaka, lakini duka sikuweza kulificha, kwa sababu bila duka barua yako haieleweki, na maduka ya dawa za mifugo hapo Garsen kila mtu anayajua. Gazeti hufika huko Ijumaa mchana, na wanaokwenda Chara hulibeba. Panda pikipiki kesho asubuhi.